Kupanda hadi Katibu Mkuu wa wizara nchini Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtumishi mwandamizi wa serikali ya Uingereza ni nani hasa?

Ni mtumishi aliyeingia kwenye kundi liitwalo Senior Civil Service, lililoundwa Aprili 1996. Kundi hilo lina madaraja manne: Naibu Mkurugenzi, Mkurugenzi, Mkurugenzi Mkuu, na juu kabisa Katibu Mkuu wa wizara. Chini yao wako Grade 6 na Grade 7, kisha, kwa kushuka, SEO, HEO na EO (maofisa watendaji), na mwisho AO na AA (makarani). Utumishi wote una watu zaidi ya 500,000, na waandamizi hawafiki wawili katika kila mia. Kwa hiyo mtu akikwambia anafanya kazi Whitehall, mtaa wa London wenye ofisi za wizara, bado hujajua lolote. Muulize daraja.

Mkurugenzi Mkuu wa huko si mkuu wa shirika kama tulivyozoea. Yeye husimamia kurugenzi kadhaa ndani ya wizara na huripoti kwa Katibu Mkuu. Watumishi wa serikali za Scotland na Wales wamo katika utumishi huohuo mmoja, ila Ireland ya Kaskazini ina utumishi wake.

Je, ni sawa na Katibu Mkuu wa Tanzania au Katibu wa Wizara wa Kenya?

Kazi zinafanana, kwa sababu cheo chenyewe kilitoka huko. Kinachotofautiana ni njia ya kukipata. Tanzania, Rais huteua Makatibu Wakuu. Kenya, Rais hupendekeza majina kutokana na orodha ya Tume ya Utumishi wa Umma na Bunge la Taifa huyaidhinisha. Uingereza, nafasi hutafutwa kwa ushindani, jopo huongozwa na kamishna wa Tume ya Utumishi, na Waziri Mkuu huingia mwishoni tu.

Wasomaji wa Kenya waangalie jambo moja zaidi. Cabinet Secretary wa Nairobi ni waziri. Wa London ni mtumishi wa kudumu anayeketi kwenye kikao cha Baraza la Mawaziri akiandika kumbukumbu, na kwa kawaida ndiye pia mkuu wa watumishi wote. Anayemkaribia zaidi ni Katibu Mkuu Kiongozi wa Tanzania. Cheo hicho kilianza 1916 na Maurice Hankey, aliyekikalia mpaka 1938.

Mfumo huu wa kuajiri kwa sifa ulianza lini?

Kabla ya katikati ya karne ya 19, kazi serikalini zilipatikana kwa kujuana. Ripoti ya Stafford Northcote na Charles Trevelyan, iliyochapishwa 1854, ilipendekeza mitihani ya wazi na kupandishwa cheo kwa sifa. Tume ya Utumishi iliundwa 1855, na mitihani ya wazi ikawa utaratibu wa kawaida kuanzia 1870. Kwa zaidi ya karne moja na nusu mambo hayo yalisimama juu ya amri za kifalme na mazoea, bila sheria ya Bunge. Sheria ilikuja 2010, ikaandika nguzo nne ambazo kila mtumishi hupimwa nazo: uadilifu, uaminifu, kutoa ushauri unaotegemea ushahidi, na kutoegemea upande wowote.

Ripoti ya kamati ya Fulton ya 1968 nayo inafaa kujulikana. Ililalamikia utawala wa watu wanaojua kidogo juu ya kila kitu, ikataka wataalamu wapande hadi juu. Malalamiko hayo yanarudiwa hadi leo, na kwa maoni yetu yana haki: mwanasheria au mhandisi bado hupanda vizuri ndani ya fani yake, lakini Makatibu Wakuu wengi ni watu waliolelewa kwenye sera.

Lazima niwe nimesoma Oxford au Cambridge?

Hapana. Nafasi nyingi hazidai hata shahada. Mlango maarufu ni mpango wa Fast Stream, unaochukua wahitimu na kuwazungusha wizara mbalimbali, kwa kawaida kwa miaka mitatu. Huanzia ngazi ya HEO, na wanaomaliza vizuri hutoka wakiwania SEO au Grade 7. Mtumishi aliyeko ndani tayari anaweza kuomba Fast Stream bila shahada.

Mlango wa pili ni kuajiriwa moja kwa moja kwenye daraja unalolimudu. Tangu 2022 nafasi za waandamizi hutangazwa kwa watu wa nje pia, isipokuwa zitolewe sababu. Mhasibu aliyeongoza idara ya fedha kwenye manispaa anaweza kuingia kama Naibu Mkurugenzi bila kupita chini.

Mlango wa tatu, unaosahaulika, ni kuanza AO au EO kwenye ofisi ya mkoani, mathalani ya kodi au ya malipo ya ustawi wa jamii, na kuomba kazi ya ngazi inayofuata kila unapoiva. Huko hakuna kupandishwa cheo kwa kukaa muda mrefu. Usipoomba, utastaafu pale ulipoanzia, hata kama mkuu wako anakusifia kila mwaka.

Mimi ni raia wa Kenya, Tanzania au Uganda. Naweza kuomba?

Ndiyo, na wengi hawalijui hili. Kanuni za uraia za utumishi huo zinawaruhusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola ambao tayari wana haki ya kufanya kazi Uingereza. Kenya, Tanzania, Uganda, Msumbiji (tangu 1995) na Rwanda (tangu 2009) zimo. Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Oman hazimo, kwa hiyo raia wa huko kwa kawaida husubiri mpaka apate uraia wa Uingereza, au aangalie kama anaingia kwenye kipengele kingine cha kanuni hizo.

Mambo matatu hukwamisha watu hapa.

Kwanza, haki ya kufanya kazi uwe nayo kabla. Matangazo mengi husema wazi kwamba wizara haitadhamini viza.

Pili, kuna nafasi zilizotengwa kwa raia wa Uingereza pekee, hasa za usalama, ujasusi na baadhi ya kazi za mambo ya nje. Tangazo husema kama nafasi ni ya namna hiyo. Soma sehemu ya uraia kabla hujaandika sentensi hata moja ya maombi.

Tatu, fikiria mapema suala la uraia. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili chini ya Katiba ya 2010. Tanzania haiuruhusu kwa mtu mzima, kwa hiyo Mtanzania anayechukua pasipoti ya Uingereza ili afikie nafasi zilizotengwa anaacha uraia wake wa kuzaliwa. Huo ni uamuzi wa familia kabla haujawa uamuzi wa kazi.

Wanaofanya kazi kwenye balozi za Uingereza Nairobi, Dar es Salaam au Kampala kwa mikataba ya nchini humo wako nje ya ngazi hii. Uzoefu wao unawasaidia sana wakiomba, lakini hakuna daraja linalowahamisha moja kwa moja hadi London.

Fomu ya maombi hujazwaje, na wengi huangukia wapi?

Kazi nyingi hupimwa kwa mienendo tisa iliyoorodheshwa, kama vile kuongoza, kufanya maamuzi, kuwasiliana na kushawishi, au kutekeleza kwa kasi. Tangazo huchagua michache. Kwa kila mmoja unaandika mfano mmoja, mara nyingi kwa maneno yasiyozidi 250, ukifuata mpangilio wa hali, jukumu, hatua na matokeo. Kila mfano hupewa alama 1 hadi 7, na 4 ndiyo kawaida ya kuvuka. Waombaji wakiwa wengi, jopo linaweza kusoma ule mwenendo mkuu tu na kuwachuja kwa huo, kwa hiyo nguvu zako ziweke hapo kwanza.

Katika maneno 250, usitumie zaidi ya 50 kueleza hali na jukumu. Hatua zichukue 150 hivi, na matokeo yabaki na 50. Wanaoanguka hufanya kinyume: nusu ya nafasi inaishia kwenye historia ya mradi.

Kosa la pili linawapata sana watu waliolelewa katika adabu zetu. Tumezoea kusema "tulifanya", kwa kuwa "nilifanya" inasikika kama majivuno. Wasahihishaji wa huko wanatafuta kitendo cha mwombaji mwenyewe. "Tuliandaa mpango mpya wa malipo" haina alama. "Niliwaita wakuu wa vituo vitatu, nikawaonyesha madeni ya kila kituo, nikapendekeza malipo yagawanywe kwa awamu mbili, na Mkurugenzi akakubali" ina alama. Si kiburi. Ni ushahidi, na bila huo hawana cha kukupimia.

Kosa la tatu ni kuchagua mfano mkubwa kuliko nafasi yako ndani yake. Ukisimulia marekebisho ya wizara nzima wakati wewe ulikuwa unapanga vikao, swali la pili kwenye usaili litakuumbua.

Kwa nafasi za waandamizi fomu hubadilika: wasifu wa kazi pamoja na maelezo marefu, mara nyingi hadi maneno 1,250, yanayojibu kila sifa iliyotajwa kwenye tangazo. Baada ya mchujo huwapo vipimo vya kisaikolojia, kikao na kundi la watumishi wanaokuhoji huku wakiangaliwa, na kwa nafasi za juu, mazungumzo na waziri. Waziri husema wasiwasi wake kwa jopo, ila hana ruhusa ya kumwondoa mgombea kwenye orodha kwa kutompenda tu.

Ukivuka alama lakini nafasi ikachukuliwa na mwingine, jina lako linaweza kuwekwa kwenye orodha ya akiba kwa hadi miezi 12. Watu wengi wameitwa kazini kwa njia hiyo, kwa hiyo usibadilishe barua pepe yako ovyo.

Upekuzi wa usalama unachukua nini?

Kila mtu hufanyiwa uhakiki wa msingi wa utambulisho, haki ya kufanya kazi, ajira zilizopita na makosa ya jinai. Juu yake kuna ngazi tatu kuu: CTC (ya kuzuia ugaidi), SC (ya kazi zenye siri) na DV (ya kina zaidi). Kwa kawaida hutarajiwa uwe umeishi Uingereza miaka 3 kwa CTC, 5 kwa SC na 10 kwa DV. Ngazi ya DV inaingia ndani: madeni, ndoa, marafiki wa nje, pombe, na usaili wa ana kwa ana. Wenye ndugu waliotapakaa nchi tano waandae majina, tarehe za kuzaliwa na anwani mapema. Deni au ndugu wa nje havikuangushi kwa vyenyewe. Kuficha ndiko kunakoangusha.

Mwandamizi hushinda akifanya nini mchana kutwa?

Anaandaa maamuzi ili mwingine aamue. Chombo chake kikuu ni dokezo kwa waziri. Dokezo zuri huanza na suala katika sentensi moja au mbili, kisha muda: uamuzi unatakiwa lini, na kwa nini siku hiyo. Halafu pendekezo. Baada ya hapo ndiyo huja historia, njia mbadala, gharama, hatari za kisheria, msimamo wa wizara nyingine na jinsi jambo litakavyoelezwa kwa umma. Nakala huenda kwa Katibu Mkuu, wanasheria, watu wa fedha, mawasiliano, na washauri wa kisiasa wa waziri.

Dokezo hurudishwa kwa sababu zilezile kila mara. Pendekezo limezikwa ukurasa wa nne. Njia mbadala mbili kati ya tatu zimewekwa ili zikataliwe, na waziri ameligundua hilo. Hazina haijaulizwa. Au limefika Ijumaa jioni likitaka jibu Jumatatu asubuhi, likaingizwa kwenye sanduku jekundu ambalo waziri huenda nalo nyumbani, na waziri akajua kwamba amebanwa.

Kurasa mbili au tatu zinatosha. Ukishindwa kulieleza jambo kwa urefu huo, mara nyingi ni kwa sababu hujaamua mwenyewe unashauri nini.

Kwa nini watu hugombania Ofisi ya Waziri?

Kwa sababu ndipo ufundi unapofundishwa. Katibu wa Waziri huona kila dokezo linaloingia na kila uamuzi unaotoka, huketi kwenye vikao, huandika walichokubaliana na kuzisukuma idara zitekeleze. Mwaka mmoja hapo hukupa picha ya wizara ambayo dawati la kawaida lingekupa kwa miaka mitano.

Robin Butler alikuwa mkuu wa ofisi binafsi ya Waziri Mkuu Margaret Thatcher usiku wa Oktoba 12, 1984, hoteli ya Grand mjini Brighton ilipolipuliwa na bomu la IRA, kundi la Ireland lililopigana na utawala wa Uingereza. Saa nane na dakika 54 usiku alikuwa chumbani na Waziri Mkuu akimsubiri amalize kupitia karatasi moja ya mwisho, kuhusu maonyesho ya bustani ya Liverpool. Karatasi kama hiyo, saa kama hiyo, ndiyo kazi yenyewe. Butler baadaye alikuwa Katibu wa Baraza la Mawaziri kuanzia 1988 hadi 1998.

Jeremy Heywood alipita njia hiyohiyo. Aliingia 1983 kama mchumi katika taasisi ya usalama kazini, akahamia Hazina, na mapema miaka ya 1990 alikuwa kwenye ofisi ya Waziri wa Fedha Norman Lamont. Kuanzia 1999 hadi 2003 aliongoza ofisi ya Tony Blair, akaondoka kwenda benki ya Morgan Stanley, akarudi 2007 chini ya Gordon Brown, akabaki chini ya David Cameron, na kuwa Katibu wa Baraza la Mawaziri kuanzia Januari 2012 hadi 2018. Alitumikia vyama viwili bila kuulizwa anapigia kura kipi. Kuondoka kwake kwa miaka michache hakukumharibia, jambo ambalo miongo michache nyuma lingekuwa gumu.

Afisa masuuli ana madaraka gani, na "maelekezo ya waziri" ni nini?

Hapa ndipo penye uzito wa cheo chote. Katibu Mkuu ndiye afisa masuuli wa wizara, na anawajibika yeye binafsi mbele ya Bunge kwa kila paundi. Kila matumizi makubwa huyapima kwa vipimo vinne: je, sheria na bajeti zinaruhusu, je, ni mwenendo unaostahili fedha za umma, je, thamani inalingana na gharama, je, jambo linatekelezeka kwa muda na namna inayodaiwa?

Waziri akitaka kitu kinachoanguka kwenye kipimo kimojawapo, mambo huenda hivi. Katibu Mkuu huongea naye kwanza, na mara nyingi mpango hurekebishwa hapo na dunia haisikii. Ikishindikana, hushauriana na Hazina. Kisha humwandikia waziri barua akieleza kipimo kilichovunjika na kuomba maelekezo ya maandishi. Waziri akijibu kwa maandishi kwamba endelea, Katibu Mkuu anatekeleza, na mzigo wa uamuzi huo unahamia kwa waziri. Nakala hupelekwa kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye huipeleka kwa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, na barua huchapishwa isipokuwa kuna sababu ya umma ya kuchelewesha.

Watu hudhani kuomba maelekezo ni kugoma. Sivyo. Ni kusema: nitafanya, lakini kumbukumbu zionyeshe nani aliyeamua na nilionya nini. Afisa masuuli anayenyamaza ili asimuudhi waziri ndiye atakayejibu maswali ya Kamati peke yake, na kauli ya "niliambiwa kwa mdomo" haitamfaa.

Mfano ulio karibu nasi ni mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi. Aprili 2022 Katibu Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani, Matthew Rycroft, aliandika kwamba ushahidi wa mpango huo kuzuia watu kuvuka bahari haukuwa na uhakika wa kutosha kumwezesha kusema fedha zinatumika kwa thamani yake. Waziri, Priti Patel, alitoa maelekezo ya kuendelea. Mahakama ya Juu ilitamka Novemba 15, 2023 kwamba sera hiyo haikuwa halali. Serikali iliyoingia Julai 2024 iliufuta mpango huo na kusema uligharimu paundi milioni 700, kati yake milioni 290 zikiwa zimelipwa Rwanda, na kwamba waliokwenda ni watu wanne waliojitolea. Barua ya Rycroft haikuuzuia mpango, na haikuwa kazi yake kuuzuia. Ilihakikisha tu kwamba shaka iliandikwa siku ya kwanza, kabla ya hundi kuandikwa.

Mfano wa zamani ni bwawa la Pergau nchini Malaysia. Mwaka 1991 Tim Lankester, Katibu Mkuu wa idara ya misaada ya nje, alikataa kuthibitisha kwamba paundi milioni 234 za msaada zingetumika vizuri. Waziri Douglas Hurd alimwelekeza alipe. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilisema malipo hayo yalikiuka sheria ya misaada. Pingamizi la Lankester lililokuwa limeandikwa ndilo lililowapa waliofungua kesi pa kuanzia.

Nikiagizwa kufanya jambo lisilo la haki, nifanye nini?

Tenganisha mambo mawili. Ukiona sera ni mbaya, kazi yako ni kushauri, na ukikataliwa, kuitekeleza vizuri au kuondoka. Ukiona unaagizwa kuvunja sheria au kanuni za maadili, kwa mfano kudanganya Bunge, ripoti kwa mkuu wako. Ikishindikana nenda kwa ofisa aliyeteuliwa wizarani kupokea malalamiko hayo, na baada yake kwa Tume ya Utumishi. Andika tarehe na maneno yaliyosemwa siku hiyohiyo.

Kuvujisha siri si njia. Clive Ponting wa Wizara ya Ulinzi alimpelekea mbunge nyaraka kuhusu Uingereza kuizamisha meli Belgrano ya Argentina katika vita vya Falklands, akashtakiwa, na baraza la wazee wa mahakama likamwachia Februari 1985. Mwezi huohuo mkuu wa utumishi, Robert Armstrong, alitoa waraka unaosema kwamba mtumishi anaitumikia serikali iliyopo na hana wajibu wa kikatiba uliotengana nayo. Sheria ya siri za serikali iliandikwa upya 1989.

Kujiuzulu ni njia halali. Septemba 2020 Jonathan Jones, mkuu wa wanasheria wa serikali, aliacha kazi kuhusiana na muswada ambao waziri mmoja alikiri bungeni kwamba ungevunja sheria ya kimataifa.

Uchaguzi ukifika, mambo huwaje?

Mtumishi mwandamizi hawezi kugombea ubunge wala kupiga kampeni za kitaifa. Wakati wa kampeni serikali haitoi matangazo mapya yanayoweza kubeba upande, na wizara huandaa vitabu vya taarifa kwa kila chama kinachoweza kushinda. Kwa desturi iliyoanza 1964, upinzani huruhusiwa kukutana na Makatibu Wakuu kabla ya uchaguzi ili waelewe mipango yake. Mawaziri walioko madarakani hawaelezwi kilichosemwa humo. Serikali ikibadilika, waziri mpya haonyeshwi ushauri wa siri aliopewa mtangulizi wake. Ndiyo maana dokezo la siku ya kwanza huandikwa upya lote, kwani lile la jana haligusiki.

Katibu Mkuu huteuliwa na kuondolewaje?

Jopo la kamishna hupima na kutoa majina ya wanaofaa. Tangu 2014 Waziri Mkuu anaweza kuchagua mmoja kati ya hao, na tangu mwaka huohuo nafasi ni ya miaka mitano, ingawa inaweza kuongezwa.

Kuondolewa kumekuwa kwa ghafla zaidi kuliko ilivyokuwa. Philip Rutnam wa Mambo ya Ndani alijiuzulu hadharani Februari 2020, na Machi 2021 serikali ilimlipa paundi 340,000 pamoja na gharama za kesi. Tom Scholar wa Hazina aliondolewa Septemba 2022, siku chache baada ya Liz Truss kuingia madarakani. Wiki mbili na ushei baadaye bajeti ndogo ya serikali hiyo ilitikisa masoko ya fedha. Sisi tunaona kumwondoa anayejua mitambo ya Hazina wiki ileile unapotaka kubadilisha mwelekeo wa uchumi ni hasara isiyo ya lazima.

Mshahara na pensheni?

Mwaka wa fedha 2023/24 kima cha chini kilikuwa paundi 75,000 kwa Naibu Mkurugenzi, 97,000 kwa Mkurugenzi na 127,000 kwa Mkurugenzi Mkuu. Makatibu Wakuu wengi huwa kati ya 150,000 na 200,000. Hakuna nyongeza ya kila mwaka inayokuja yenyewe. Ukiingia kwa kima cha chini unaweza kubaki karibu nacho miaka mingi, kwa hiyo jadili mshahara kabla ya kusaini.

Pensheni ndiyo hazina iliyofichika. Mfuko wa Alpha, ulioanza 2015, hukuwekea kila mwaka asilimia 2.32 ya mshahara wa mwaka huo kama pensheni ya kila mwaka utakapostaafu. Kwa mshahara wa 80,000, mwaka mmoja wa kazi hukuongezea paundi 1,856 kwa mwaka maishani, kabla ya marekebisho ya bei.

Wanawake na watu weusi wamefika juu?

Mpaka 1946 mwanamke aliyeolewa alilazimika kuacha kazi, na kwa wanadiplomasia kizuizi hicho kilidumu hadi 1973. Katibu Mkuu wa kwanza mwanamke alikuwa Evelyn Sharp, 1955, wizara ya nyumba na serikali za mitaa. Suma Chakrabarti, aliyezaliwa India, aliongoza wizara ya maendeleo ya kimataifa kuanzia 2002. Sharon White, mwenye asili ya Jamaica, akawa Katibu Mkuu wa pili kwa cheo katika Hazina 2013.

Kuna mwandamizi aliyehusika moja kwa moja na Afrika Mashariki?

Wapo, na wa kusoma kwanza ni Andrew Cohen. Alianza idara ya kodi 1932, akahamia Wizara ya Makoloni, na baada ya vita aliongoza kitengo cha Afrika akisukuma mabaraza ya kuchaguliwa. Mwaka 1952 alitumwa Uganda kuwa gavana. Novemba 1953 alimhamishia Uingereza Kabaka Mutesa II kwa nguvu baada ya mvutano juu ya mustakabali wa Buganda, na uamuzi huo uliwaunganisha Waganda dhidi yake. Kabaka alirudi Oktoba 1955. Mtu aliyekuwa mahiri wa kuandika sera London alikuta kwamba ufalme wenye watu wake hauendeshwi kwa dokezo. Mwaka 1964 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa wizara ya maendeleo ya ng'ambo, na akafariki akiwa kazini 1968. Wizara hiyo ndiyo iliyozaa idara ya Lankester, na hatimaye ikamezwa na Mambo ya Nje Septemba 2020.

Nikistaafu, naweza kwenda kampuni binafsi?

Ndiyo, kwa ruhusa. Kanuni hukufuata miaka miwili baada ya kuondoka. Katibu Mkuu kwa kawaida husubiri angalau miezi mitatu kabla ya kuanza, na haruhusiwi kuishawishi serikali kwa niaba ya mwajiri mpya kwa miaka miwili. Omba kabla ya kukubali kazi na kabla haijatangazwa, kwani ombi linalofika baada ya tangazo huchukuliwa kuwa ni ukiukaji. Mazungumzo yenyewe na kampuni inayofanya biashara na wizara yako yaripotiwe yanapoanza, hata kama hujapewa ofa.